Utalii Endelevu na Mgawanyo wa Gharama za Uhifadhi: Uchunguzi wa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya utalii, uhifadhi na maendeleo ya jamii katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja. Tathmini nyingi za utalii endelevu hupima jumla ya manufaa yanayowafikia wanavijiji, kama vile madarasa, visima na ajira, bila kuuliza ni nani hasa aliyebeba gharama za uhifadhi. Makala yanabainisha makundi matatu yenye gharama tofauti: wenye mashamba wanaopakana na lango la hifadhi, vijiji vya maweni vilivyo mbali na lango, na wanawake wanaotegemea kuni na rasilimali za pwani. Hoja kuu ni kwamba malipo ya utalii hufuata umiliki unaoweza kuthibitishwa, hivyo mwenye mti hutambulika kwa urahisi zaidi kuliko mwenye haki ya pamoja ya kutumia msitu. Makala yanapendekeza kwamba mgawanyo wa mapato uanze na orodha ya gharama kabla ya orodha ya miradi.

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Jozani kwa ajili ya kumwona kima punju mara nyingi hampati ndani ya msitu mnene. Huongozwa hadi ukingo wa kusini wa msitu, jirani na barabara iendayo Paje na Makunduchi, ambako makundi ya kima yaliyokwisha kuzoea watu hula majani machanga ya miembe na mikungu katika ardhi iliyolimwa. Kwa maneno mengine, kivutio kikuu kinachouzwa langoni huonekana kwa ukaribu zaidi katika mashamba ya watu.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina uzito katika mjadala wa utalii endelevu. Linaonyesha kwamba mpaka wa hifadhi uliochorwa katika ramani haulingani na mpaka wa gharama. Mnyama anayelindwa na sheria hula katika shamba la mkulima. Msitu unaolindwa kwa ajili ya mnyama huyo ndio uliokuwa ukimpatia mwanakijiji mwingine kuni, makaa na boriti. Na fedha inayolipwa na mgeni hupokelewa katika sehemu moja tu, langoni. Kati ya pande hizi tatu kuna swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu: je, mapato ya utalii yanawafikia wale waliolipia uhifadhi, au yanawafikia wale walio karibu na mahali yanapokusanywa?

Jozani imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki ambayo utaratibu wa kugawana mapato na wakulima ulianza mapema, katikati ya miaka ya 1990. Pili, ni eneo dogo, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 50, na vijiji vinavyolizunguka hutofautiana sana kwa ardhi, kazi na umbali kutoka langoni. Tofauti hizo hurahisisha kuona kile ambacho neno moja, “jamii”, hukificha.

2.0 Dhana na Mkabala wa Uchambuzi

Utalii endelevu kwa kawaida huelezwa kwa nguzo tatu: kulinda mazingira, kuheshimu utamaduni na kuinua uchumi wa wenyeji. Maelezo haya hayana kosa, ila yana upungufu mmoja. Nguzo ya tatu huwachukulia wenyeji kama kitu kimoja, kana kwamba shule iliyojengwa katika kijiji huondoa hasara ya kila mtu aliyemo kijijini.

Kuhusu suala hili, kazi ya Elinor Ostrom ya mwaka 1990 juu ya usimamizi wa rasilimali za pamoja ina msaada mkubwa. Katika misingi minane aliyoibainisha kutokana na taasisi za wenyeji zilizodumu kwa muda mrefu, mmoja unahusu ulinganifu: kanuni za matumizi ziafikiane na hali ya mahali, na manufaa anayopata mtu yawiane na mchango anaoutoa. Pale ambapo wengine hutoa na wengine hupokea, kanuni hupoteza uhalali wake machoni pa wanaotoa, na usimamizi wake hugeuka kuwa kazi ya askari.

Makala haya yanautumia msingi huo kwa namna mahususi. Badala ya kuanza na manufaa na kuuliza yamefika wapi, yanaanza na gharama na kuuliza zimelipwa vipi. Gharama hapa ni za aina tatu: hasara ya mazao inayosababishwa na wanyamapori, kupotea kwa kipato kilichotokana na matumizi ya msitu, na muda na nguvukazi vinavyoongezeka kutokana na makatazo.

3.0 Usuli wa Hifadhi

Msitu wa Jozani upo takribani kilomita 35 kusini-mashariki ya Mji wa Zanzibar. Katika miaka ya 1930 na 1940 ulivunwa kwa mashine ya kupasulia mbao. Baadaye ulichukuliwa na idara ya misitu ya serikali ya wakati huo, na tangu mwaka 1960 umekuwa chini ya ulinzi wa kisheria. Msitu wenyewe hukua juu ya ardhi yenye maji ya karibu, ambapo mitondoo hustawi, ilhali pande zake za mashariki na kusini zimezungukwa na maweni, yaani ardhi ya mwamba wa matumbawe yenye udongo mchache na vichaka.

Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya mwaka 1996 iliweka msingi mpya, hasa kwa kuruhusu mikataba ya usimamizi wa misitu kati ya serikali na jamii. Mwaka mmoja kabla yake, mradi wa uhifadhi wa Jozani na Ghuba ya Chwaka ulikuwa umeanza kwa ushirikiano wa serikali na shirika la CARE. Kamati za uhifadhi za vijiji ziliundwa, na mwaka 1999 zikapata jumuiya mwavuli inayojulikana kwa kifupi cha JECA. Mwaka 2004 eneo lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua Jozani na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi hai ya mfumo wa binadamu na mazingira.

Sababu kuu ya hadhi hizi ni kima punju (Piliocolobus kirkii), ambaye kwa asili hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Makadirio ya zamani yaliwaweka chini ya 3,000. Sensa pana iliyochapishwa katika muongo uliopita ilikuta zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko makadirio yaliyotangulia. Pamoja na habari hiyo njema, sensa ilionyesha pia kwamba watoto wengi wa kima hawafiki utu uzima na kwamba katika baadhi ya misitu midogo mnyama huyu amekwisha kutoweka. Sehemu ya kima hawa huishi nje ya mipaka ya hifadhi, katika mashamba na vichaka vya vijiji. Kwa hiyo uhai wao hauwezi kutegemea askari wa hifadhi peke yao.

4.0 Makundi Matatu ya Wenye Gharama

4.1 Wenye mashamba ya pembezoni

Jina lenyewe la mnyama hubeba historia ya mgogoro. “Punju” ni sumu, na wakulima wengi waliamini kwamba kima huyu ana harufu mbaya na kwamba mti anaoula hunyauka. Malalamiko makubwa yalihusu minazi: kima hula vidaka kabla havijawa vitale, na mkulima huhesabu kila kidaka kilicholiwa kuwa nazi iliyopotea.

Utafiti wa Siex na Struhsaker uliochapishwa mwaka 1999 ulipima dai hilo shambani. Matokeo yake hayakutarajiwa: pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi zilizokomaa hayakupungua, bali yalielekea kuwa makubwa zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mnazi kwa kawaida hupukutisha vidaka vingi kuliko unavyoweza kukuza, na kuliwa kwa baadhi huenda kukawa sawa na kupunguzia, kama mkulima apunguzavyo miche ili iliyobaki inenepe.

Matokeo hayo yangeweza kutumiwa kufuta madai yote ya wakulima, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Utafiti ulihusu nazi. Haukuhusu kila zao linalopandwa katika shamba mchanganyiko. Vilevile, mkulima anayewaacha kima washinde katika miembe yake hubanwa katika uamuzi wa kukata, kupanda upya au kubadili zao. Hata kama hasara ya nazi ni ndogo kuliko alivyodhani, shamba lake limegeuka kuwa uwanja wa utalii, na matumizi hayo yana thamani inayolipwa na mgeni langoni.

Utaratibu ulioanzishwa katika miaka ya 1990 uliitambua hali hii. Wenye mashamba waliunda umoja wao, UWEMAJO, na sehemu ya mapato ya kiingilio ikatengwa kwa ajili yao. Malipo hayo yaliitwa fidia. Jina hilo limeleta utata hadi leo. Fidia hulipwa kwa hasara, na pale mtafiti anapoonyesha kwamba hasara haipo, msingi wa malipo hutikisika. Kama malipo yangeitwa ada ya matumizi ya shamba, utafiti wa vidaka usingeyagusa, kwa kuwa mgeni angeendelea kusimama chini ya mwembe wa mtu iwe nazi zimepungua au zimeongezeka.

4.2 Vijiji vya maweni

Hali ni tofauti kabisa katika vijiji kama Charawe na Ukongoroni, vilivyo upande wa pili wa hifadhi, mbali na lango na barabara kuu. Udongo wake ni haba. Kwa muda mrefu wakazi wake wameishi kwa kuchanganya kilimo cha kuhamahama katika mifuko ya udongo, uvuvi katika ghuba, ukataji wa kuni na boriti, uchomaji wa makaa na chokaa, na uwindaji wa wanyama wadogo kama paa nunga, ambaye sasa yumo katika hatari ya kutoweka.

Karibu kila moja ya kazi hizo, isipokuwa uvuvi, imezuiwa au kuwekewa masharti na uhifadhi. Kwa hiyo gharama ya vijiji hivi ni kubwa kwa uwiano wa kipato, lakini haionekani kwa urahisi. Mkulima wa karibu na lango anaweza kumwonyesha afisa mti wake na kima aliye juu yake. Mkata kuni wa maweni hana cha kuonyesha isipokuwa kazi ambayo haifanyi tena.

Tofauti hii ina mizizi katika mfumo wa umiliki wa Zanzibar. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya serikali, lakini kwa mazoea ya muda mrefu miti ina wenyewe: mtu anaweza kumiliki minazi iliyo katika ardhi isiyo yake, akairithisha au kuiuza. Mwenye mti hutambuliwa na majirani, na kwa sababu hiyo hutambuliwa pia na utaratibu wa fidia. Vichaka vya maweni, kwa upande mwingine, vilitumiwa kwa haki ya pamoja ya wenyeji wa mji fulani. Haki hiyo ilijulikana na kuheshimiwa, ila haikugawanyika kwa majina. Msitu ulipofungwa, haki ya pamoja ilipotea bila kuacha mdai mmoja mwenye jina.

Mikataba ya usimamizi wa misitu ya jamii ilikusudiwa kuziba pengo hili. Kwa mkataba huo kijiji hupata mamlaka juu ya eneo lake la msitu, huligawa katika sehemu za ulinzi na sehemu za matumizi, hutoa vibali na kufanya doria. Huu ni mchango wa kweli, kwani hurudisha haki ya pamoja katika maandishi. Hata hivyo, mkataba hauleti wageni. Mamlaka ya kutoa vibali vya kukata katika msitu uliokwisha kupungua huzaa kipato kidogo, na doria ni kazi inayotaka muda wa watu ambao muda wao ndio mtaji walionao.

4.3 Wanawake, kuni na pwani

Ndani ya kila kijiji gharama hugawanyika tena kijinsia. Kuni za nyumbani hukusanywa zaidi na wanawake, na kila eneo linapofungwa safari hurefuka. Muda huo hauingii katika hesabu yoyote ya mapato na matumizi ya hifadhi. Katika ghuba, wanawake wameshughulika na kuokota chaza na kombe na, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo cha mwani kilichoenea katika pwani ya mashariki. Shughuli hizi hutegemea mikoko na majani ya bahari yaliyo salama, hivyo uhifadhi una faida kwao. Lakini faida hiyo huja polepole, ilhali safari ndefu ya kuni huanza siku ile ile ya katazo.

5.0 Mjadala: Njia za Malipo na Mipaka Yake

Mapato ya utalii Jozani yamewafikia wenyeji kwa njia kuu tatu, na kila moja hulipa gharama ya aina moja huku ikiiacha nyingine.

Njia ya kwanza ni miradi ya kijiji. Madarasa, maji na huduma za afya ni manufaa ya wote, na pale ambapo kamati za vijiji hukaa na kuamua wenyewe, miradi hiyo hujenga imani. Lakini manufaa ya wote hayawezi kulipa hasara ya baadhi. Mchoma makaa aliyeacha kazi na mwenye duka ambaye hakupoteza chochote hupeleka watoto wao katika darasa lile lile.

Njia ya pili ni malipo kwa wenye mashamba, ambayo yameelezwa hapo juu. Mafanikio yake yanaonekana katika badiliko la mtazamo: mnyama aliyeitwa sumu ameachwa aishi juu ya miti ya watu, kwa karibu kiasi cha kupigwa picha. Badiliko hilo halikuletwa na elimu ya mazingira peke yake. Upungufu wake ni kwamba linategemea ukaribu na lango.

Njia ya tatu ni ajira na biashara: waongozaji wageni, walinzi, kazi za mikono, na vivutio vya kijiji kama ujia wa mbao uliojengwa ndani ya mikoko karibu na Pete. Njia hii ingeweza kuwa pana zaidi, ila inabanwa na mpangilio wa safari zenyewe. Wageni wengi husimama Jozani kwa muda mfupi wakiwa njiani kati ya Mji Mkongwe na hoteli za pwani. Malazi, chakula na usafiri vimelipiwa kwingine, na kiingilio cha hifadhi ni sehemu ndogo tu ya bei ya ziara. Mgeni anaweza kukamilisha matembezi yake bila kununua hata dafu katika kijiji.

Zaidi ya hayo, njia zote tatu hutegemea idadi ya wageni, na idadi hiyo haitabiriki. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni 538,000. Mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, idadi ilishuka hadi takribani 260,000, kisha ikapanda na kupita 638,000 mwaka 2023. Makatazo ya kukata msitu hayakushuka pamoja na wageni mwaka 2020. Gharama za mwenyeji ni za kudumu, ilhali malipo yake hupanda na kushuka.

Ulinganisho na maeneo mengine ya kanda unaonyesha kwamba mpangilio tofauti unawezekana. Nchini Rwanda, sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa inayoelekezwa kwa jamii jirani iliwekwa kuwa asilimia 5 mwaka 2005 na kuongezwa hadi asilimia 10 mwaka 2017. Faida yake ni kwamba kiwango kinajulikana na mwananchi anaweza kukidai. Katika hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara nchini Kenya, wenye ardhi hulipwa kodi ya pango kulingana na ukubwa wa ardhi waliyoitoa. Malipo hayo hayadai mwenye ardhi athibitishe hasara. Yanatambua kwamba ardhi yake inatumika. Hata hivyo, nako asiye na hati ya ardhi hubaki nje, jambo linalothibitisha kwamba tatizo la haki ya pamoja si la Unguja peke yake.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, mgawanyo wa mapato utanguliwe na orodha ya gharama inayotayarishwa na kila shehia kwa kushirikisha kamati ya uhifadhi, ikionyesha ni kazi gani zilizokoma, nani alizifanya na kwa msimu gani. Orodha hiyo ipitiwe upya kila baada ya miaka michache, kwa kuwa gharama hubadilika.

Pili, malipo kwa wenye mashamba yaitwe kwa jina lake halisi, yaani ada ya matumizi ya mashamba kwa utalii na makazi ya kima, ili yasitegemee ubishi kuhusu hasara ya mazao.

Tatu, vijiji vilivyo mbali na lango vitengewe fungu maalumu linalotokana na ukubwa wa msitu uliofungwa, bila kujali idadi ya wageni wanaofika huko. Fungu hilo liambatane na mikataba ya misitu iliyopo, ili doria iwe kazi inayolipwa.

Nne, sehemu ya mapato ya miaka mizuri iwekwe akiba kwa ajili ya miaka mibaya.

Tano, kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichogawiwa kibandikwe hadharani katika ofisi ya kila sheha. Mwenyeji asiyejua jumla hawezi kujua kama fungu lake ni la haki.

7.0 Hitimisho

Jozani imefanikiwa katika jambo gumu: kima aliyechukiwa amekuwa mnyama anayevumiliwa na mara nyingine kuthaminiwa, na idadi yake ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mafanikio hayo yametokea zaidi pale ambapo gharama na malipo vilikutana kwa mtu yule yule, yaani katika mashamba ya kusini. Katika vijiji vya maweni gharama zimetangulia na malipo yamechelewa, na huko ndiko kuliko na sehemu kubwa ya vichaka ambavyo kima, paa nunga na mikoko ya ghuba hutegemea. Ikiwa wakata kuni wa upande huo wataendelea kuuona uhifadhi kama kazi wanayoifanya kwa ajili ya kipato cha wengine, hakuna idadi ya askari itakayotosha kuulinda msitu usiku. Kwa hiyo uendelevu wa utalii Jozani utaamuliwa zaidi na yale yanayotokea Charawe na Ukongoroni kuliko na urefu wa foleni ya wageni langoni.